Nyota Kando ya Jina Langu

Asubuhi ile nilikuwa na kikombe cha chai mkono mmoja na simu mkono wa pili, nikaonyeshwa jipu likikamuliwa. Sikuomba. Nilifungua simu kutafuta habari za macho, kwa sababu mke wangu ana presha ya macho, na kitu cha kwanza kilichonijia kilikuwa mgongo wa mtu nisiyemjua, jipu limeiva kama nyanya, na vidole viwili vyenye glavu vikilibana. Nikaweka chai chini. Lakini mimi si mtu wa kuacha kitu katikati. Niliitazama video ile mpaka tone la mwisho la usaha, nikavaa miwani, nikaandika chini yake: "Bwana, jambo hili ni la hospitali, si la hadhara. Umeonyesha uchafu bila kutoa elimu yoyote. Ona haya." Nikasoma tena nilichoandika, nikarekebisha mkato mmoja, nikatuma.

Chai ilikuwa imepoa na kufanya utando juu. Nikaimwaga.

Kazi yangu ya maisha ilikuwa kwenye mtambo wa kusafisha maji ya mji. Nilianzia kwenye wavu, pale mto unapoingilia mtamboni. Nilishika reki ndefu na kuvuta kila ambacho mto umekileta: matambara, viatu vya mguu mmoja, nepi, mbwa aliyevimba tumbo. Jioni nilioga, nikavaa shati safi, nikaenda shule ya watu wazima, nikakaa kwenye dawati la watoto magoti yakinigusa kifua. Vyeti vyangu viko ukutani sebuleni, ndani ya fremu, na vumbi halivigusi. Nilistaafu nikiwa msimamizi wa zamu. Wenzangu waliniita Profesa, wengine kwa heshima na wengine kwa kejeli, na wote niliwaitikia.

Simu ilinunuliwa na binti yetu alipokuja likizo. Alinunua mbili, yangu na ya mama yake, akatuunganisha na ndugu wote na wale wenzangu wa mtamboni.

"Baba, humu kuna kila kitu," aliniambia. "Ugonjwa wa mama, dawa zake, chakula chake, vyote utavikuta. Ni kama shule."

Neno hilo la mwisho ndilo lililoninasa.

Maana daktari wa macho, mwanamke mfupi anayesema haraka haraka kama anayekimbia mvua, alikuwa ametuambia mambo machache tu. Presha ya macho haiumi wala haipigi kelele. Inakula macho kuanzia pembeni, polepole, mpaka mtu abaki anatazama dunia kama kwa tundu la ufunguo. Kilichokwenda hakirudi. Kinacholindwa ni kilichobaki, na kinalindwa kwa matone, asubuhi na jioni, maisha yote. Nilikuwa na maswali mengi, lakini benchi la nje lilikuwa limejaa watu.

Mke wangu ni fundi cherehani. Kwa miaka mingi alishona sare za shule, na hata sasa hushona mapazia na foronya kwenye chumba cha mbele, dirisha likiwa wazi. Uzi huutunga mwenyewe kwenye sindano. Ukimnyoshea mkono kumsaidia anaukwepa.

"Siku nikishindwa kutunga sindano," husema, "ndipo mtanitafutia kiti cha kukaa nikihesabu nzi."

Hicho ndicho tulichokuwa tukikilinda: sindano ile na tundu lake. Nami niliingia kwenye simu kwa ajili hiyo, kama nilivyoingia darasani zamani, nikitaka kujua.

Nilichokuta kilinitia kinyaa. Mtu anatolewa funza sikioni. Mtu anakula mayai mabichi kwa ndoo huku akishangiliwa. Msichana anamwaga maji machafu ya zulia, meusi kama ya mtaro, na watu wameandika kwamba yanawapa usingizi mzuri. Mwanamume anamtukana mama mkwe wake mbele ya ulimwengu. Kijana mwenye miwani ya jua anasema ukinywa mkojo wako asubuhi utaona mpaka ng'ambo ya mlima. Huyo nilimwandikia aya tatu.

Wote niliwaandikia. Nilijiwekea utaratibu: baada ya chai ya asubuhi, nakaa, nafungua, nawasahihisha. Aliyesema uongo nilimwambia ni mwongo na nikaeleza kwa nini. Aliyekosa adabu nilimfunza adabu. Nilikuwa na imani, na imani hiyo niliitoa darasani, kwamba kosa lisiposahihishwa huota mizizi. Kwa hiyo nilitazama kila kitu mpaka mwisho, maana huwezi kumhukumu mtu kabla hajamaliza kusema, na wengine niliwarudia kesho yake kuona kama wamejirekebisha.

Hawakujirekebisha. Walizidi. Jipu moja likawa majipu mchana kutwa. Funza wa sikio akaja na ndugu zake wa pua na wa kisigino. Nikaamini kwamba dunia imeoza kuliko nilivyodhani, na kwamba kazi yangu bado haijaisha.

Mdogo wake mke wangu, ambaye ni shemeji yangu na mtani wangu tangu siku ya harusi, anakaa mitaa miwili kutoka kwetu. Anauza vitambaa kwa simu: anavipiga picha, anaviweka mtandaoni, watu wanaagiza. Siku moja aliingia bila hodi, kama kawaida yake, akainama begani kwangu.

"Makubwa! Shemeji, haya ndiyo mambo yako? Nami najua nyumba hii ni ya vyeti!"

"Mimi siyapendi. Yanakuja yenyewe."

"Yenyewe?" Akacheka mpaka kilemba kikalegea. "Mimi kwangu hayaji. Kwangu yanakuja vitambaa, bei za usafirishaji na mama mmoja anayefundisha kukata kola. Haya yanakwenda kwa anayeyakaribisha."

"Mimi nayakemea."

"Basi yakemee, Mwalimu. Mimi nimekuja kuchukua mkasi."

Nilikasirika. Mtu aliyeacha shule kwa sababu ya uvivu hawezi kunifundisha kusoma. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na nikarudi kwenye kazi yangu.

Kati ya wote, aliyenitibua nyongo zaidi alikuwa mtu anayejiita Daktari Mwangaza. Alivaa koti jeupe ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya kwenye mfuko wake wa dukani. Shingoni alining'iniza kipimo cha kusikiliza moyo, ingawa alizungumza habari za macho tu. Nyuma yake kulikuwa na rafu ya chupa ndogo zenye karatasi ya manjano. Sauti yake ilikuwa tamu ya kunata, sauti ya mtu anayekupapasa mgongo huku mkono mwingine umeingia mfukoni mwako.

"Wapendwa wangu," alikuwa akisema, "hizo kemikali za hospitali zinawakausha macho. Macho ni maua. Maua hunyeshewa asali na maji ya kitunguu. Tupa kemikali. Chukua Tone la Mwangaza."

Nilimwandikia mara ya kwanza kwa upole. Nikamwuliza amesoma wapi. Akajibu: "Asante sana mzee wetu kwa kuwa nasi. Ubarikiwe." Nikamwandikia tena, kwa hoja, kwanza, pili na tatu. "Asante sana mzee wetu kwa kuwa nasi. Ubarikiwe." Jibu lile liliniwasha kama upupu. Mtu akikutukana unajua la kufanya, lakini mtu anayekushukuru kwa matusi yako? Kila alipoweka video mpya, wa kwanza kuandika nilikuwa mimi. Niliweka hata mlio maalumu wa kunijulisha kwamba Mwangaza amesema neno.

Kisha siku moja nikaona kitu kimetokea kando ya jina langu, chini ya video yake. Nyota ndogo ya buluu. Wengine hawakuwa nayo. Nilisafisha miwani nikaitazama vizuri. Sikuuliza mtu. Niliichukulia kuwa ni alama ya wanaoandika kwa makini, kwamba huko juu yupo mkaguzi fulani ambaye hatimaye ameona. Siku hiyo nilitembea nyumbani nikipiga mluzi, na mke wangu akaniuliza nimeota nini.

Nimepata kuona uchafu mwingi. Nilidhani kwamba baada ya wavu wa mtoni hakuna tena cha kunigeuza tumbo. Lakini niwaambie habari ya foronya.

Ilikuwa siku ya kubadili mashuka, kazi ambayo ni yangu tangu nilipostaafu. Nilipoinua mto wa mke wangu, niliona mstari mweusi ukishuka kutoka dirishani, ukipita ukutani, ukipanda ubavu wa kitanda. Sisimizi. Walikuwa wanaingia na kutoka ndani ya foronya kama wafanyakazi wa kiwanda wakibadilishana zamu. Foronya yenyewe ilikuwa na madoa ya manjano mahali anapoweka shavu, yamekauka na kung'aa, yananata kidoleni. Nikanusa. Harufu ya kitunguu kilichooza, na utamu juu yake. Ilibidi nitoke uani nivute hewa.

Nilikumbuka hapo kwamba macho yake yalikuwa mekundu kwa siku kadhaa, naye alisema ni vumbi la kitambaa. Nikaenda jikoni, nikafungua friji. Chupa ya matone ya hospitali ilikuwa mlangoni mahali pake. Niliitikisa. Kwa wakati ule ilipaswa kuwa imekaribia kwisha. Ilikuwa imejaa.

Nilimkuta chumba cha mbele, mguu kwenye kanyagio la cherehani.

"Bibie, chupa hii imejaa."

Aliendelea kushona. "Natumia nyingine."

"Ipi nyingine?"

"Ya daktari wako."

"Daktari wangu yupi?"

"Wa kwenye simu. Huyo mnayeongea naye kila siku."

Cherehani ikanyamaza. Nadhani aliona uso wangu. Alivuta saraka ya nyuzi, na pale, kati ya vifungo na tepu ya kupimia, ilikuwapo chupa yenye karatasi ya manjano. Kizibo chake kilikuwa kimegandiana kwa utomvu.

"Nani amekwambia utumie hii?"

"Wewe."

"Mimi?"

Alichukua simu yake, akaifungua, akanigeuzia. Daktari Mwangaza alikuwa amesimama mbele ya rafu yake. Na juu kabisa ya video, kabla hata ya jina la Mwangaza, ilikuwapo picha yangu, ile niliyopigwa siku ya kustaafu, na tai shingoni. Ilisema kwamba nimetoa maoni hapa.

"Kila nikifungua simu, wewe upo," alisema. "Maandishi yenu madogo siyaoni, yanacheza. Lakini sura yako naijua. Nikatazama vizuri nikaona na nyota umewekewa. Nikajiambia, mume wangu ni mtu wa kusoma, hawezi kukaa mlangoni kwa mwongo asubuhi zote hizi. Nikasema, anamchunguza. Amemwona yuko sawa, ila anaona aibu kuniambia, kwa sababu matone ya hospitali alishayasifu mno. Nikaagiza."

"Kwa nini hukuniuliza?"

Alinitazama kidogo. "Kukuuliza wewe jambo," alisema, "ni kufungua darasa."

Mimi, ambaye nilikuwa na jibu kwa kila mpumbavu wa mtandaoni, nilisimama katikati ya chumba nimeshika chupa mbili, moja safi na moja inanata.

Hospitali walimweka mbele ya mashine, kidevu juu ya kipande cha plastiki. Ndani ya mashine huwaka taa ndogo ndogo, hapa na pale, na mgonjwa akiona taa anabonyeza kitufe. Mimi nilikaa nyuma yake kwenye stuli. Taa sikuziona, nilisikia kitufe tu. Ta. Ta. Ta. Kisha kimya kirefu. Kisha ta, moja. Kisha kimya tena. Kijana wa mashine alikuwa akitazama kioo chake, nami nilitazama uso wa kijana, na uso wake haukunifurahisha.

Daktari mfupi alisoma karatasi, akavua miwani.

"Nani amewaambia muache dawa?"

"Mtandao," mke wangu alijibu.

Hakutaja jina langu. Angelitaja ningepata nafuu.

"Kila siku naletewa," daktari alisema, na mara hii hakusema haraka. "Kitunguu. Asali. Maziwa ya mama. Juzi nimeletewa mtu ametiwa dawa ya meno. Mnanitia uchungu, wazee wangu." Akamgeukia mke wangu. "Jicho la kushoto limepoteza upande mkubwa wa nje. Haurudi. Ukianza matone leo na usiache, hapo katikati patabaki."

"Sindano nitaiona?" mke wangu aliuliza.

"Ukiigeuzia uso, utaiona."

Shemeji alitukuta nyumbani jioni hiyo. Alikuwa ameshapata habari, na hakuja na utani. Alinipita kama kiti, akamkumbatia dada yake, kisha akarudi kwangu akanyoosha mkono.

"Lete simu."

Nilimpa. Alimtafuta Mwangaza, akashuka mpaka kwenye maneno yangu, akaigusa ile nyota kwa kidole. Sikuwahi kufikiria kuigusa. Chini yake yakafunguka maandishi, naye akanigeuzia niyasome mwenyewe.

Shabiki Mkuu wa Daktari Mwangaza.

"Mimi nilikuwa nampinga," nilisema.

"Simu haijui hasira, shemeji. Inajua umekaa, umeandika, umerudi. Kwake wewe ni mteja anayekula huku analalamika, kisha anaomba sahani nyingine. Sasa itakuletea nini?"

"Na kwa mke wangu?"

"Kwa mke wako, kwa binti yako, kwa wenzako wa mtamboni, kwangu. Wote imetuambia, njooni, mzee wenu yuko hapa. Mimi nilimzuia huyu mtu siku nyingi. Nilidhani dada naye anakucheka tu kama mimi ninavyokucheka." Akajipangusa uso kwa ncha ya kilemba. "Kaa hapa. Vaa hiyo miwani yako."

Akanifundisha. Lisilofaa, pita. Usingoje liishe, usiliandikie hata herufi. Likirudi, bonyeza nukta tatu hizi za pembeni, uchague kwamba hutaki kuona mambo kama haya. Mtu mwenyewe akizidi, mzuie. Linalofaa, katafute mwenyewe kwa jina lake, usingoje likufuate. Ukilipata kaa nalo, lihifadhi, mpelekee mtu.

"Kupita tu?" niliuliza. "Bila kumwambia neno?"

"Bila neno."

"Basi atabaki akidhani yuko sahihi."

"Atabaki akidhani hakuna mtu. Hicho ndicho wanachokiogopa."

Nilifikiri habari ya wavu wa mtoni. Yule mbwa aliyevimba hatukumhutubia. Tulimvuta kwa reki, tukamfukia, maji yakaendelea kuja. Na mtu mzima aliyesimama pale kila siku, na reki mkononi, na cheti ukutani, alikuwa amefika uzeeni akaanza kuzungumza na mizoga.

"Kumzuia hakutoshi," shemeji alisema akisimama. "Maneno yako bado yapo, na sura yako iko nayo. Yafute. Moja moja."

Nilianza asubuhi yake, baada ya chai. Kuyafuta si kazi ngumu, kidole kinaweza. Kigumu ni kwamba kila moja ilibidi nilisome kwanza. Zilikuwa sentensi nzuri. Kulikuwa na moja juu ya wajibu wa mwenye kusema mbele ya watu ambayo hata mwalimu wangu wa jioni angeisoma kwa sauti darasani. Na chini ya hiyo sentensi nzuri mwanamke mmoja alikuwa ameandika: "Nimemwona huyu mzee anabishana nikaja kuangalia. Nimenunua. Inawasha lakini navumilia." Chini ya nyingine, mtu: "Ukiona kelele ujue dawa ni kali." Nilijisikia kama mtu aliyekuta kandambili zake mlangoni kwa danguro. Nikafuta. Nikafuta. Kisha nikakuta jina ninalolijua, la mwenzangu wa mtamboni tuliyemwita Valvu, ambaye aliandika: "Profesa yupo hapa, basi kuna jambo."

Nilimpigia papo hapo.

"Profesa!" Alifurahi. "Tumekuona na nyota yako. Tukasema, huyu mtu hata pensheni haijamtuliza."

"Valvu, umenunua ile dawa?"

"Sikununua mimi. Nimemwagizia shangazi yangu. Anaitumia."

"Mwambie aache leo hii. Mpeleke hospitali. Mke wangu amepoteza upande wa jicho."



"Sasa nimwambieje? Nilimwambia aliyeithibitisha ni wewe."

"Mwambie Profesa ni mjinga."

"Hilo," akasema, "ataliamini upesi." Lakini hakucheka, nami sikucheka, na kabla ya mchana akanitumia ujumbe kwamba wako kwenye foleni ya macho.

Baada ya hapo nikaanza kuchuja kama ninavyojua kuchuja. Nilizuia, nilipita, nilibonyeza nukta tatu mpaka kidole gumba kikaingia ganzi. Nilitafuta kwa majina: hospitali, vyuo vya wauguzi, chama cha madaktari wa macho. Kurasa zao ni kavu. Hakuna muziki, hakuna anayepiga kelele, na waliozitazama ni wachache kuliko waliotazama lile jipu. Kwenye mojawapo nilimkuta muuguzi mnene amesimama mbele ya ukuta mtupu, anaonyesha jinsi ya kutia matone. Vuta kope la chini. Tia tone moja. Funga jicho bila kulikaza, kisha bana kwa kidole pembe ya ndani, karibu na pua, utulie kidogo, ili dawa isiteremke kooni.

Nilimtazama mara mbili. Mke wangu, tangu siku ya kwanza, alikuwa akilalamika kwamba matone ya hospitali yanamshukia kooni, machungu kama mwarobaini, mpaka chakula hakina ladha. Nilikuwa nikimwambia avumilie. Ndiyo maana asali ilimvutia: ilikuwa tamu. Na miezi yote ile nilipokuwa napambana na majipu ya watu, muuguzi huyu alikuwapo, anaonyesha bure, na mimi sikufika kwake kwa kuwa njiani nilisimama kwenye kila lundo la takataka kulitolea hotuba.

Jioni nilimwomba mke wangu aegemeze kichwa. Sikutoa maelezo. Nikatia tone, nikaweka kidole kwenye pembe ya jicho, nikabana.

"Unafanya nini na pua yangu?"

"Tulia."

Akatulia. Kisha akameza mate, akangoja, akameza tena.

"Leo haikushuka," alisema.

Tangu siku ile simu yangu imekuwa ya kuchosha, na nimeizoea hivyo. Asubuhi inaniletea muuguzi wangu, utabiri wa mvua, mtu anayetengeneza bomba linalovuja. Mara moja moja uchafu unapenya, kama unavyopenya kwenye wavu wowote. Juzi limekuja jipu, mgongo mwingine, glavu zilezile. Nilihisi sentensi ikijipanga kichwani, na mkato wake mahali pake. Nikapita.

Na jana, wakati wa matone, simu ikalia. Mwangaza amefungua ukurasa mwingine, kwa jina jingine, na koti lilelile. Alikuwa amenitafuta mwenyewe. "Mzee wetu, tumekukosa sana. Rudi nyumbani." Nukta tatu. Zuia.

"Nani huyo?" mke wangu aliuliza, macho yamefumbwa, kidole changu kando ya pua yake.

"Hakuna mtu."

Alipofumbua macho alichukua foronya aliyokuwa akiishona, mpya, kwa kuwa ile ya zamani niliichoma. Aligeuza uso wake wote kuelekea kwenye sindano, kama kuku anavyotazama punje, akakosa tundu, akakosa tena, akalipata. Uzi ukapita. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu, kushoto kwake, mahali ninapokaa tangu tulipohamia nyumba hii.

"Mzee," alisema bila kugeuka, "umeondoka?"

"Nipo hapa."

"Hama basi. Njoo huku kulia. Huko sikuoni."

Nikabeba kiti.